Keki ya Matunda na Krimu kwa Kiangazi cha Nanyuki

Januari na Februari ndiyo miezi ya kuoka keki ya matunda na krimu katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Mvua za vuli zimekwisha, masika bado, na alfajiri kukiwa hakuna mawingu vilele vya Batian na Nelion huonekana vizuri kabisa. Jua la mchana linazikoleza stroberi zinazomwagiliwa mashambani. Maembe yanapanda kutoka Embu, Kirinyaga na sehemu za chini za Meru. Pasheni zipo, matunda damu yapo. Ndio wakati pia watu wanapotembeleana: ruracio (sherehe ya mahari) ya binti wa jirani, kipaimara, au chakula cha Jumapili ambapo shangazi wa Nyeri amesema atafika na wenzake watatu. Keki ya matabaka, yenye krimu halisi na matunda ya hapahapa, inatosha kuwa zawadi na kitindamlo kwa pamoja.

Ila wengi wanaojaribu kuioka hapa wanavunjika moyo. Wanafuata maelekezo neno kwa neno, keki inapanda vizuri hata mwenyewe anatabasamu akiitazama kwenye kioo cha oveni, kisha inabonyea katikati kabla haijatolewa. Pembeni imekauka, katikati inanata. Mpishi anaulaumu unga, anailaumu oveni, mwishowe anajilaumu mwenyewe. Kumbe kinachomsumbua ni mwinuko.

Nanyuki iko takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Maelekezo mengi tunayoyatumia yaliandikwa na watu wa mabondeni na pwani, katika nchi ambako miji mingi haijainuka sana. Beking pauda yenyewe ilibuniwa na Alfred Bird huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1843, na vipimo vya keki zilizofuata vilitungwa kwa hewa ya kule. Hapa kwetu kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Maana yake gesi iliyo ndani ya rojo la keki haikandamizwi sana, kwa hiyo inapanuka haraka na kupasua kuta za vijishimo vyake kabla mayai na unga havijakaza. Hapo ndipo keki inapobonyea.

Kuna jambo la pili. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100. Unyevu unatoroka mapema, sukari inayobaki inakuwa nzito kupita kiasi, na sukari ikizidi huchelewesha mayai na wanga kushikana. Ndiyo sababu keki moja inaweza kuwa kavu na mbichi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kipimo lazima kibadilike, na mabadiliko yenyewe si makubwa. Beking pauda ipunguzwe, kwa keki laini kama hii hata nusu. Sukari ipunguzwe kidogo. Unga uongezwe kijiko kimoja cha kulia, na majimaji vijiko viwili au vitatu. Moto wa oveni upandishwe kama nyuzi 10 ili keki ikaze kabla gesi haijaishinda. Aliye Timau, ambako ni juu zaidi, apunguze beking pauda kidogo tena. Aliye Nyeri mjini au Karatina yuko chini yetu kiasi, lakini bado yuko mlimani. Afuate kipimo hiki kisha arekebishe kwa jicho lake.

Kwa vyombo viwili vya duara vya sentimita 20, mimi natumia mayai manne, sukari gramu 100, unga wa ngano wa kawaida gramu 130, nusu kijiko cha chai cha beking pauda, chumvi kidogo, maziwa ya uvuguvugu vijiko vitatu vya kulia, siagi iliyoyeyushwa vijiko viwili vya kulia, na vanila. Mtu wa Mombasa angetumia sukari gramu 120 na kijiko kizima cha beking pauda, na keki yake ingesimama vizuri tu. Usitumie unga uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani. Huo umepimwa kwa ajili ya kila mtu, na wewe unahitaji uhuru wa kupunguza.

Mayai yasiwe baridi. Asubuhi za Januari jiko la Nanyuki huwa na ubaridi wa kutosha kuyafanya mayai yakatae kutoa povu hata kama hayakutoka kwenye friji. Yaweke, yakiwa na maganda yake, kwenye bakuli la maji ya vuguvugu kwa dakika tano. Kisha yapige pamoja na sukari na chumvi mpaka yawe meupe na mazito. Sasa zingatia mahali pa kuacha. Vitabu vinasema piga mpaka uzi wa povu unaodondoka kutoka kwenye mchapo ukae juu bila kuzama. Hapa acha mapema kidogo: uzi uonekane kwa sekunde chache, halafu uzame. Povu lililojazwa hewa mpaka mwisho halina nafasi ya kupanukia, na hewa yetu italilazimisha lipanuke tu.

Chekecha unga na beking pauda juu ya povu kwa awamu mbili, ukichanganya kwa mwiko mpana kutoka chini kwenda juu, bila kuzungusha kwa nguvu. Maziwa na siagi vichanganye kwanza na vijiko viwili vya rojo lenyewe kwenye kikombe, ndipo urudishe yote bakulini. Siagi ikimiminwa moja kwa moja hutua chini na kuacha tabaka gumu kama mpira. Gawa kwenye vyombo viwili vilivyopakwa siagi na kutandikwa karatasi chini, uingize kwenye oveni yenye nyuzi 185 kwa dakika 20 hadi 24. Usifungue mlango kabla ya dakika 18. Keki ikiiva hujitenga kidogo na kingo za chombo, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi.

Asiye na oveni asiiache keki hii. Sufuria kubwa na jiko la makaa vimeoka keki za harusi nyingi katika kaunti hizi. Tandaza mchanga mkavu, safi, unene wa vidole viwili chini ya sufuria, uipashe moto kwa robo saa ikiwa imefunikwa, ndipo uweke chombo cha keki juu ya mchanga. Kisha hamisha makaa: machache yabaki chini, mengi yapande juu ya kifuniko. Keki nyororo kama hii huungua chini upesi, kwa hiyo moto wa juu ndio unaoifanyia kazi. Oka chombo kimoja baada ya kingine, na rojo la pili ulivuruge wakati la kwanza likikaribia kuiva, yaani gawa mayai mawili mawili tangu mwanzo. Povu likisubiri dakika 25 linakufa. Jiko liwe mahali pasipo na upepo, maana upepo wa alasiri hupuliza makaa ya upande mmoja na keki ikaiva kwa upande.

Zikishatoka, ziache dakika tano kisha uzigeuze kwenye waya. Hapa hewa kavu ya kiangazi inakuwa adui mwingine: keki iliyoachwa wazi usiku kucha Nanyuki huamka kama mkate wa juzi. Ikipoa tu, ifunge kwa karatasi ya nailoni au kitambaa safi ndani ya kopo. Unyevu utakaopotea utaurudisha kwa shira: sukari vijiko vitatu, maji nusu kikombe, ganda la limau, chemsha dakika tatu, poza. Keki ya matabaka bila shira, kwa hali yetu ya hewa, ni kazi nusu.

Sasa krimu, na hapa nitasema wazi ninavyoona. Kuna unga na maji mazito ya dukani yanayopigwa yakawa meupe na kusimama siku nzima juani. Ukisoma nyuma ya pakiti utakuta mafuta ya mawese, sukari na vikolezi, na maziwa kidogo au hakuna. Waoka keki wa biashara wanayahitaji, nami siwalaumu, kwa sababu keki yao inakaa dirishani toka asubuhi. Lakini kwa mtu anayeoka nyumbani, katika nchi ya ng'ombe wa maziwa, karibu na wakulima wa Mukurwe-ini na wa Kieni, kuyaweka mafuta hayo juu ya stroberi iliyochumwa jana ni kuinyima keki ladha yake. Tumia krimu ya maziwa.

Angalia mafuta kwenye kopo. Krimu ya kupigwa inataka angalau asilimia 30, na ikiwa 35 au zaidi utafurahi. Ile nyepesi ya kutiwa kwenye kahawa haitasimama hata ukiipiga mpaka mkono ufe ganzi. Iweke kwenye friji usiku mzima, siyo saa moja, kwa kuwa mafuta ya maziwa yanahitaji muda wa kugandamana ndani ya matone yake, na ni matone hayo yaliyoganda ndiyo yanayoshika hewa. Bakuli na mchapo navyo viingie kwenye friji.

Anayefuga anaweza kujitengenezea. Maziwa ya Jersey au Guernsey yanafaa zaidi kuliko ya Friesian kwa sababu yana mafuta mengi. Weka maziwa mabichi ya asubuhi kwenye sufuria pana, yafunike, uyaache kwenye friji bila kuyatikisa mpaka kesho yake, kisha engua krimu iliyopanda juu kwa upawa. Lita kumi zitakupa krimu ya keki moja na kubaki. Maziwa ya pakiti hayatengani hivyo, kwa kuwa kiwandani matone ya mafuta huvunjwavunjwa yasipande. Na krimu hiyo lazima uipashe moto kabla ya kuitumia, maana maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi na maradhi mengine: ikoroge kwenye moto mdogo mpaka ifike nyuzi 72, au mpaka itoe mvuke na vipovu vidogo pembeni bila kuchemka, ishikilie hapo kwa dakika moja, kisha sufuria itiwe kwenye maji baridi mara moja. Halafu friji, usiku kucha.

Katika hatua hii mlima unakuwa upande wako. Usiku wa Januari joto la Nanyuki linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na saa kumi na mbili asubuhi jiko bado lina baridi unayoihisi hata kwenye vyuma vya bomba. Huo ndio wakati wa kupiga krimu. Mpishi wa Mombasa anaweka bakuli lake juu ya barafu na bado anakimbizana na joto. Wewe una saa mbili nzima za utulivu. Piga nusu lita ya krimu na vijiko viwili vya sukari ya unga, mwendo wa wastani, mpaka mchapo uache alama na ncha iiname kidogo. Hapo acha mashine umalizie kwa mkono. Kutoka krimu nzuri hadi mwanzo wa siagi ni sekunde kumi na tano.

Napenda kuiongezea mala iliyochujwa. Nusu lita ya mala, imwagwe kwenye kitambaa safi juu ya chujio, ikae kwenye friji usiku. Asubuhi utakuta kitu kizito kama jibini laini. Kichanganye polepole na krimu iliyopigwa. Uchachu wake unakata utamu, na krimu inasimama imara zaidi kati ya matabaka bila gelatini wala kitu kingine chochote.

Matunda nayo yana tabia zake. Stroberi za kiangazi ni tamu kuliko za msimu wa mvua kwa kuwa jua limezipikia sukari na maji hayakuzichuja ladha. Sokoni usichague kwa ukubwa. Chagua nyekundu mpaka kwenye shingo, inayonukia ukiisogeza puani. Yenye mabega meupe haitaiva tena nyumbani, stroberi haiendelei kuiva ikishachumwa. Muulize anayeuza, "Mama, hizi zimechumwa leo?" na ukimwambia ni za keki mara nyingi atakufungulia kreti ya chini. Zioshe kwa maji safi muda mfupi tu kabla ya kuzitumia, zikaushe kwa kitambaa, ndipo utoe vikonyo. Ukitoa vikonyo kwanza zinakunywa maji. Nusu kilo inatosha. Zikate, nyunyiza kijiko kimoja cha sukari, subiri dakika ishirini, uchuje juisi itakayotoka uitie kwenye shira.

Kwa maembe, la aina ya apple au ngowe lililoiva lakini lenye kushika kisu linafaa. Matunda damu yamwagie maji ya moto yamenyeke, kisha yapike na sukari kwa dakika tano. Yakiingia mabichi ukali wake unaishinda krimu. Nathi, zile ndogo za njano zinazokuja na koti lao la karatasi na ambazo watoto wa Nyeri huzichuma shambani bila kuomba ruhusa, ni pambo zuri la juu na uchachu wake unapendeza. Nanasi na papai ndiyo ya kuogopa. Yakiwa mabichi yana vimeng'enya vinavyovunja protini za maziwa, na baada ya saa chache krimu inakuwa chungu na majimaji. Ukiyataka, yapike kwanza yachemke kabisa, uyapoze.

Pasheni naitendea peke yake, kwa sababu ndiyo inayoitoa keki hii kwenye utamu mtupu. Chukua nusu kikombe cha juisi yake iliyochujwa, viini vitatu vya mayai, sukari gramu 80 na siagi gramu 60. Weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, ukoroge bila kuacha mpaka rojo lishike mgongo wa mwiko. Usiogope kwamba maji yetu yanachemka mapema. Viini hukaza vikiwa bado chini ya joto hilo, na mvuke wa upole unasaidia visigeuke vipande. Poza, funika, friji.

Kupanga hakuchukui hata nusu saa. Kila keki igawe katikati kwa kisu cha meno upate tabaka nne. Lowesha kila tabaka kwa shira ukitumia brashi, si kwa kumwaga. La kwanza: pasheni nyembamba, krimu, stroberi. La pili: krimu na embe. La tatu: pasheni tena, krimu, stroberi. Juu, krimu iliyobaki. Matunda yasifike ukingoni. Acha upana wa kidole, uzito wa tabaka la juu utayasukuma yenyewe. Pembeni paache wazi. Watu wanataka kuona matabaka, na krimu inayopakwa ubavuni huwa ndiyo inayoteleza kwanza. Stroberi nzima na nathi za juu ziwekwe wakati wa kupeleka mezani.

Keki ikishapangwa ikae kwenye friji saa nne. Ukipiga krimu saa kumi na mbili na kupanga saa moja, itakuwa tayari kabla ya wageni kurudi kutoka kanisani na kumaliza mukimo. Mezani isikae zaidi ya saa mbili, na kama meza iko uani juani, saa moja. Asubuhi ya baridi isikudanganye: jua la saa saba hapa Ikweta ni kali, na krimu halisi haina cha kuilinda.

Wapo watakaotaka kuisafirisha. Kwenda Nyeri au Naro Moru asubuhi hakuna shida, ukiweka keki kwenye sanduku lenye kimo kinachoizidi kidogo na kuchoma vijiti viwili virefu kutoka juu hadi chini ili matabaka yasihame kwenye matuta. Isiolo ni habari nyingine. Barabara inapanda Timau kati ya mashamba ya ngano kisha inateremka mpaka zaidi ya mita 800 chini ya Nanyuki, na joto la kule litaiyeyusha krimu kabla hujapata pa kuegesha. Beba keki zimefungwa, shira kwenye chupa, matunda kwenye kopo, na krimu iliyokwisha kupigwa ndani ya sanduku la barafu. Panga ukifika, kwenye nyumba ya mwenyeji, naye akupe friji yake.

Vipande vya juu ulivyokata kama ulisawazisha keki kwa kisu, stroberi zilizolainika, na krimu iliyobaki ukutani mwa bakuli visitupwe. Vipange kwa tabaka kwenye vikombe vya chai, mwagia shira iliyobaki, ufunike. Kwenye friji vinakaa siku mbili, na watoto wa shule huvimaliza siku ya kwanza.